Flamingo Mwenye Bangili wa Kisiwa cha Kati

Mmeniuliza sana, kanisani, sokoni, hata kwenye foleni ya maji, na kila ninapomjibu mmoja, wengine kumi wanapata habari iliyopinda. Kwa hiyo nimeketi niandike mara moja. Asiyependa kusoma atasomewa.

Kabla ya kuondoka

Wengi mnanijua, lakini karatasi hii inaweza kufika mbali. Mimi ni Ekai, mwenye duka la madaftari na kalamu karibu na stendi ya Lodwar. Nilitoka hapa na begi moja la mkononi. Nimeosha magari Kitale, nimekata maua Naivasha, nimebeba mizigo ya wageni hotelini Doha, na katikati ya hayo yote nikajilipia masomo, bila mjomba wala mheshimiwa yeyote, mpaka nikapata Diploma ya Utunzaji wa Wanyamapori. Imetundikwa dukani ndani ya kioo. Anayekuja kununua bahasha anaisoma bure.

Niliporudi nyumbani nilianzisha chama cha watazama ndege. Tuko watu tisa. Daftari letu linaning'inia kwa kamba dukani kwangu, na kila aliyeona ndege au mnyama wa maana anaandika: nini, wapi, saa ngapi. Walio mbali wanatuma kwa simu, nami nawaandikia. Sheria za chama nilizitunga mwenyewe. Sijui nani mwingine angeziweza.

Mwezi wa pili mwaka 2013 nilikuwa Kisiwa cha Kati, pale katikati ya Ziwa Turkana, juu ya ukingo wa lile ziwa dogo lililokaa ndani ya mlima kama uji ndani ya bakuli. Nikaona flamingo mwenye bangili ya plastiki ya njano mguuni, yenye herufi. Ndege wa namna hiyo amevalishwa na wataalamu, pengine mbali sana, ili ijulikane anaenda wapi. Hakuna mtu wa Lodwar aliyewahi kuandika kitu kama hicho. Shida ni kwamba niliona peke yangu. Mwenye mashua alikuwa chini kwenye mchanga, amelala kofia usoni.

Katibu wetu ni Mama Napeyok, mwalimu wa hesabu. Alisoma nilichoandika, akafunga daftari.

"Mwenyekiti, shahidi wako nani?"

"Macho yangu. Na diploma."

"Diploma iliona?"

Watu walicheka. Sheria yangu mwenyewe inasema jambo kubwa likikosa shahidi wa pili kwa miezi mitatu linafutwa, na aliyeliandika hashiki cheo tena. Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili ya mkutano wa mwezi wa tano. Nikasema basi nitampeleka kisiwani mwanachama yeyote akaone. Mama Napeyok akawakataa wanachama wa Lodwar mmoja mmoja, kwa sababu wote wanakunywa chai dukani kwangu. Akabaki Deng, mtu wa Sudan Kusini anayeishi kambi ya Kakuma. Deng ana darubini nzuri kuliko sisi wote, na hajawahi kunywa chai yangu hata kikombe.

Simu ya Deng haikupatikana. Zilikuwa zimebaki siku sita. Nikamfuata.

Lodwar hadi Kakuma

Nilipata nafasi mbele ya lori lililobeba mabati na magodoro. Dereva aliitwa Ekitela, mtu mpole, ila magodoro aliyaonea wivu kama mke. Kabla ya Kakuma tukafika kwenye laga, ule mto wa mchanga unaokaa mkavu mwaka mzima, tukaukuta umejaa maji ya rangi ya kahawa. Kwetu haikuwa imenyesha hata tone. Ilinyesha milimani huko, mwisho wa macho. Magari yakapanga foleni ng'ambo zote mbili, na sisi tukakaa chini ya lori kwa sababu kivuli kingine hakikuwepo.

Mama mmoja aliuza mahindi na maharagwe kutoka kwenye ndoo. Abiria mmoja alimwomba Ekitela ashushe godoro moja tu tukalie.

"Godoro si langu."

"Tutalirudisha."

"Likiwa na mchanga wa matako yenu?"

Tukakaa chini.

Wakaja wazee watatu wenye fimbo na vile vigoda vyao vya kukalia. Kwetu mtu hapiti bila kutoa habari, na habari haitoki bila tumbaku. Nikatoa tumbaku.

"Ejoka?" mmoja akanisalimu.

"Ejok."

"Unatafuta nini huku, bwana?"

"Natafuta ndege," nikasema.

"Ndege gani?"

Nikamweleza kama nilivyofundishwa chuoni, rangi kwanza, kisha umbo, kisha alama. Mweupe aliyetiwa wekundu, miguu mirefu, mdomo uliokunjika, bangili ya njano mguu wa kushoto. Wazee wakasogeza vigoda karibu. Mmoja akaacha kutafuna.

"Umeiona mwisho lini?"

"Mwezi wa pili. Kisiwani."

"Pole sana," akasema, na kweli alinionea huruma. Akasimama, akapiga kelele ng'ambo ya maji. Watu wa ng'ambo wakauliza, akarudia: rangi, miguu, bangili, kushoto. Mtu mmoja kule akachukua fimbo yake na kuondoka mbio.

Mimi nilifurahi. Nikajisemea, watu wetu wanapenda elimu, walikosa tu wa kuwaletea. Msicheke. Mtoto yeyote wa Turkana anajua kwamba mtu anayetembea akitaja rangi ya mnyama na alama yake, na siku aliyomwona mwisho, huyo amepotelewa. Habari yake inapelekwa mbele, na kila anayeisikia anatafuta kama vile mnyama ni wake. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini ugenini watu huulizana habari za ndege kwa starehe, na mimi nilikuwa nimezoea.

Kakuma

Maji yalishuka asubuhi ya pili. Nilimkuta Deng kwenye kibanda chake, ambako anauza mkate na kuchaji simu za watu. Yake mwenyewe ilikuwa imezima.

"Soketi ni za wateja," akanieleza.

Alinipeleka kwenye hoteli ya Mhabeshi mmoja tukala injera, ule mkate wao laini, na mchuzi wa dengu uliowasha mpaka masikio. Kabla sijafungua mdomo kuhusu safari, akanishika mkono, akaniita ndugu kwa Kiarabu chake.

"Ya Ekai, ya akhi, nimesikia. Pole."

"Umesikia nini?"

"Kwamba ndege yako imepotea. Mama wa maziwa alinieleza asubuhi. Mguu wa kushoto, si ndiyo?"

Nikamweleza ukweli. Alicheka mpaka mwenye hoteli akaja kuangalia kama mchuzi umemdhuru. Halafu akawa mtu wa kazi.

"Nitakwenda. Lakini sikiliza. Nikiona, nitasema nimeona. Nisipoona, nitasema sijaona. Mimi sina mwenyekiti, nina macho."

"Ndiyo maana nimekufuata."

"Na chai yako sitakunywa."

"Usinywe."

Alihitaji kibali cha kutoka kambini. Habari za karatasi naziruka, zilikula siku moja nzima.

Kalokol

Tulirudi Lodwar na lori lile lile, safari hii tupu, na Ekitela akakubali kutupeleka mpaka Kalokol kwa sababu alitaka kubeba samaki wakavu. Ilikuwa Ijumaa. Kuanzia hapo sikupata amani.

Tulipovuka daraja tu, mwanamke mmoja alisimamisha lori akiwa na kanga hai kwenye kikapu.

"Si huyu?"

"Si huyu, mama. Asante."

"Umeangalia mguu?"

Ilinibidi nishuke niangalie mguu, maana kumkataa mnyama bila kumwangalia ni kumwita mtu mwongo. Mbele kidogo, vijana wawili wa pikipiki walikuwa wamembeba ndege mwari, yule mwenye mfuko mdomoni, katikati yao, amefungwa kwa ukanda wa mpira, ametulia kama abiria aliyelipa. Nikaangalia mguu. Nikawaomba wamrudishe majini, wakanung'unika kwamba petroli imeenda bure. Mzee mmoja alinionyesha picha ya mbuni kwenye simu. Kisha akaja mama na kuku jike, kuku wa kawaida kabisa wa kienyeji, mwenye uzi wa njano mguu wa kushoto. Uzi ulikuwa mpya, bado una harufu ya duka.

"Mama, huyu ni kuku."

"Bangili je?"

"Bangili ni kweli."

"Basi nusu ni yako."

Deng alikuwa akiandika yote kwenye kijitabu chake. Nikamuuliza anaandika nini. Akasema, "Kanga mmoja, mwari mmoja, kuku nusu."

Kisiwani

Jumamosi upepo wa ziwa ulituzuia mpaka saa nne. Mwenye mashua, Lokaale, ni yule yule wa kofia usoni. Nikamwambia safari hii asilale. Akasema hakulala, alikuwa anafikiri.

Mkate wa Deng ulilowa njiani, tukaula hivyo hivyo, una ladha ya magadi. Tukapanda mlima kwa miguu, mawe meusi yanateleza, mimi mbele kwa sababu ndiye mwenye diploma. Tulipofika ukingoni nilinyoosha mkono kama mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni.

Flamingo walikuwepo, kundi zima, maji ya kijani yamepambwa kwa wekundu. Nilitaka kulia. Deng akainua darubini, akalipitia kundi ndege mmoja mmoja.

"Naona flamingo," akasema.

"Umeona!"

"Miguu sijaona."

Wote walikuwa wamesimama ndani ya maji mpaka tumboni. Hakuna hata mmoja aliyeonyesha goti. Tukangoja. Jua likapanda, tukajifunika mashati kichwani. Nikasema ndege hawa lazima watatoka. Hawakutoka. Nikapiga makofi. Wakasogea kwenye kina zaidi. Nikarusha kijiwe pembeni, mbali nao, jambo ambalo chuoni lingenifelisha, na gogo moja ufukweni likafungua macho na kuingia majini taratibu. Mamba.

"Deng, miguu ipo. Flamingo hana namna nyingine ya kusimama."

"Naamini ipo."

"Basi sema umeona."

"Ya Ekai." Alishusha darubini, akanitazama kwa huruma ile ile ya mzee wa laga. "Naamini. Sijaona."

Akaandika: furukombe wawili, minandi wengi, flamingo bila miguu, mamba mmoja aliyesumbuliwa na mwenyekiti.

Lokaale akatuita, upepo unarudi. Tuliteremka. Mkutano ulikuwa kesho, na sikuwa na kitu. Nimekosa vitu vingi maishani, nikaviendea tena. Hiki niliona kinanitoka vidoleni.

Kwenye banda la samaki

Tulipokaribia nchi kavu tuliona watu wamejaa ufukweni, wanapunga mikono.

"Imepatikana!" walipiga kelele. "Ndege yako imepatikana!"

Nikajiandaa kuangalia mguu wa kuku mwingine. Lakini chini ya banda la kukaushia samaki, ndani ya kipande cha wavu, alikuwapo flamingo. Hai, amechoka, jicho moja la rangi ya chungwa limetukazia. Mguuni alikuwa na bangili ya njano na herufi. Alinaswa asubuhi kwenye wavu wa tilapia wa mama mmoja anayeitwa Akiru, mwembamba, mwenye shanga mpaka kidevuni, ambaye alikuwa ameketi kando yake na sufuria. Sufuria ilikuwa na maji. Moto ulikuwa umeshawashwa.

Deng alipiga magoti, akazisoma herufi, akaziandika. Akanitazama na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kakuma. "Sasa nimeona," akasema. Nilimkumbatia. Kwangu mambo yalikuwa yamekwisha.

Kwa watu wa pale ndiyo kwanza yalianza. Mwenyekiti wa ufuko, Lomuria, mzee wa kofia ya polisi aliyoipata sijui wapi, akaketi kwenye kigoda na kuwanyamazisha watu.

"Mnyama amepatikana. Mwenyewe ajitokeze, ataje alama. Asipotokea mwenyewe, mnyama ni wa wavu, na wavu ni wa Akiru."

Akiru akachochea moto kidogo, bila ubaya, kama mtu anayejua zamu yake iko karibu.

Kabla sijasema neno, mzee mwingine alisimama akasema ndege ni wake, kwa kuwa rangi ile ni ya ng'ombe wake dume, na yeye jina lake la ukubwa linatokana na ng'ombe huyo, na kila mtu analijua, hata akaanza kuuimba wimbo wake. Walimsikiliza kwa heshima. Lomuria akamuuliza bangili iko mguu gani. Mzee akakatiza wimbo, akaketi.

"Wewe wa Lodwar. Bangili iko mguu gani?"

"Kushoto," nikasema.

Watu wakaguna. Lomuria akamwinua ndege taratibu. Bangili ilikuwa kulia.

Nikasogea mbele. "Mzee, nilimwona kutoka mbele. Ukimtazama mtu kutoka mbele, kulia kwake kunakuwa kushoto kwako."

"Hebu."

Akasimama. Nikasimamishwa mbele yake. Akainua mkono wake wa kulia, akaniuliza uko wapi. Nikamwonyesha. Akainua mguu. Akageuka, akanipa mgongo, akaniuliza tena. Watu wote wakaanza kusimama wawili wawili, wakiinua mikono na kugombana kushoto ni wapi. Mambo hayo yalichukua nusu saa, na Deng ndiye aliyeyamaliza, kwa kulala chali mchangani na kuwaonyesha.

"Sawa," Lomuria akasema hatimaye. "Sasa swali moja, mbele ya watu. Huyu mnyama ni wako?"

Hapo ndipo mnaponiuliza nilikuwa nafikiri nini. Nilitaka kuwaeleza kwamba flamingo hana mwenyewe, ni wa Mungu na wa nchi, na kwamba sheria ya serikali inamlinda. Diploma yangu ina somo zima juu ya hilo. Lakini nilitazama sufuria, inaanza kutoa mvuke, na Akiru hajala tangu asubuhi. Kwa watu hawa, mnyama asiye na mwenyewe ni chakula. Jibu lililokuwa la kweli lingemchinja.

"Wangu," nikasema.

Deng akafunga kijitabu chake polepole.

Nikamshukuru Akiru kama inavyotakiwa, sukari na tumbaku yote iliyobaki, na kofia yangu ya Doha. Akaondoa sufuria. Lakini watu hawakutawanyika, walitaka kuona nitambebaje. Mwenye mnyama aliyepotea akimwachia tena ni mwendawazimu. Basi nikafanya lile ambalo baba yangu angefanya, kugawa mifugo kwa rafiki aliye kwenye malisho mazuri amchungie.

"Mimi nakaa mjini, hakuna malisho," nikamwambia Akiru. "Namkabidhi kwako. Ziwa ndilo malisho yake. Mchunge."

Akiru alimtazama ndege, akanitazama mimi, akavaa ile kofia vizuri. "Nimemchukua."

Tukamtoa wavuni, tukamweka majini. Alisimama kidogo, akakimbia juu ya maji kwa ile miguu yake, akaruka. Watu wakapiga kelele, "Inatoroka! Inatoroka!"

"Nyamazeni," Akiru akasema. "Inaenda malisho."

Lodwar tena

Jumapili baada ya ibada wanachama wote walikuja. Deng alisimama na kuzisoma herufi za bangili. Nilikuwa nimevaa tai. Mama Napeyok akamuuliza kama kuna lingine.

"Lipo," Deng akasema, bila kunitazama. "Mwenyekiti alisema mbele ya ufuko mzima kwamba ndege ni wake, na wazee wakampa. Halafu akampa mama mmoja amchungie."

Mama Napeyok akafungua sheria zangu. Mwaka wa kwanza mwanachama mmoja alituandikia bata wa shemeji yake, na mimi, kwa hasira, niliongeza sheria kwamba ndege mwenye mwenyewe haandikwi.

"Wazee walikata shauri kihalali?"

"Kihalali," Deng akasema.

"Na wewe, Ekai. Ni wako au si wako?"

Ningeweza kusema niliwadanganya. Kutoka Lodwar hadi Kalokol ni mwendo wa lori moja la samaki. Maneno yangu yangefika kabla ya jua kuzama, na sufuria ingerudi motoni.

"Ni wangu," nikasema.

Akayakata maandishi yangu ya mwezi wa pili kwa mstari wa rula. Ni mwalimu wa hesabu, hapigi mstari kwa mkono. Tangu siku ile yeye ndiye mwenyekiti, nami ni mwanachama wa kawaida, ingawa wa kawaida mwenye diploma. Deng alikuja dukani kuniaga. Nilimpa maji.

Wiki iliyopita simu iliita, namba nisiyoijua. Ilikuwa Akiru, ameazima simu ya mtu.

"Ekai, mifugo yako iko Lowarengak, huku kaskazini ya ziwa. Imenenepa. Bangili iko."

"Asante, Akiru."

"Lakini imechanganyika na zingine. Nyingi sana, maji yote yamekuwa mekundu. Watu wa huku wameleta nyavu, wananiuliza hizo zingine ni za nani."

Nikauliza kama wamesimama karibu naye. Akasema wako hapo hapo, wanangoja.

"Waambie ni zangu," nikasema. "Zote."

Nikasikia upepo wa ziwa kwenye simu, na sauti za watu wakibishana.

"Sawa," akasema. "Basi nitaongeza wachungaji."